Fundi simu wa Ngamiani kanifufulia Nokia E63 yangu, kazi yake ilivyo na simu yenyewe leo inafaa nini

Habari zenu jamani. Hii naandika kwa watu wa Tanga hasa, ila hata wewe wa kwengine kama una simu ya zamani imelala kabatini na ndani yake kuna kitu chako unakihitaji, isome.

Mi nashona nguo za kike, niko Makorora, mwaka wa ishirini huu. Mwezi uliopita mteja wangu wa siku nyingi kanipigia kutoka Dar, anaoza binti yake, anataka mtoto ashonewe gauni kama lile nililomshonea yeye mwaka 2012, lile la mikunjo begani na mkia mfupi nyuma. Gauni lenyewe lilipotea wakati wanahama nyumba, picha hana. Lakini mi nilikuwa nayo! Nilipiga mbele, nyuma na ubavuni, na kwenye notsi za simu nikaandika vipimo vyote na mikunjo nimeipangaje, mingapi, upana gani kila mmoja. Shida ni kwamba simu hiyo ni Nokia E63, ipo kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na zipu, haijawashwa tangu 2015.

Nikaitoa. Betri imevimba kama andazi mpaka mfuniko wa nyuma umeinuka, tundu la chaji limeota kutu ya kijani, kioo kizima hakina hata ufa.

Fundi wa kwanza niliyempelekea simtaji. Alikaa nayo siku tatu akanambia bodi imekufa, mama nunua mpya hizi hazina kazi tena, nafika nyumbani naifungua nakuta skrubu mbili hazipo na kibao cha batani kimelegea. Iliniuma kweli, manake mtu akikuachia kitu chake amekuamini, hata kama machoni mwako wewe ni takataka.

Jirani yangu anayeuza mbaazi na maandazi asubuhi ndo kanielekeza, nenda Ngamiani barabara ya kumi na mbili, kuna kijana anatengeneza simu za batani tu na zile smatifoni za mwanzo mwanzo, hizi mpya za kupapasa ukimpelekea anakwambia nenda kwa fulani. Nikapanda bajaji siku hiyo hiyo.

Kibanda chake kidogo, upana wa meza ya cherehani na viti viwili. Mbele ana kabati la kioo limejaa simu, 3310, 1100 zile za tochi, 6600 mbili, Motorola za kukunja, na chini kopo kopo za batani na vioo na spika kila moja imeandikwa kwa kalamu. Kilichonifanya nimuamini kabla hajashika kitu ni zile kopo. Mi mwenyewe nafanya kazi ya vitu vidogo, najua mtu anayepanga vifungo vyake ni mtu wa aina gani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, "E63 nyekundu! Hizi hazionekani tena mama, nyingi zilikuja za bluu." Alafu akaniuliza swali ambalo yule wa kwanza hakuniuliza, "unataka simu iwake, au unataka vitu vilivyomo ndani?" Nikamwambia nataka vilivyomo, ikiwaka ni faida. Akasema basi hapo hatuiflashi kabisa, yani hatufuti programu za simu na kuziweka upya, manake ukiiflashi inaweza kuwaka vizuri sana na ikawa tupu, na watu wengi wamepoteza picha za wazee wao hivo hivo kwa mafundi wanaokimbilia kuflashi kila ugonjwa. Hilo peke yake lilinilipia nauli yangu.

Betri iliyovimba akaitoa taratibu kwa kipande cha plastiki, hakutumia bisibisi, akaitia kwenye kopo la mchanga nje ya kibanda akanambia hii haitobolewi wala haitupwi jalalani kwenye moto. Kisha akafungua bodi, akaisugua kwa mswaki na spiriti mpaka kutu yote ikatoka, tundu la chaji akalitoa kwa blowa akaweka jengine alilolichomoa kwenye simu iliyokufa. Betri mpya akaipima kwa mita mbele yangu. Hiyo E63 inatumia BP-4L, 1500 mAh, ni ile ile ya E71 na E72, kwa hiyo bado zinapatikana. Akaniambia wazi kabisa kwamba hii si orijino, orijino mpya siku hizi mtu akikwambia anayo muulize ameitoa wapi.

Saa kumi alasiri ikawaka. Ile mikono miwili ya Nokia ikatokea inashikana, na ule mlio. Jamani mi nilishika mdomo. Halafu simu ikauliza leo ni tarehe ngapi. Imekaa gizani miaka kumi, inaamka inauliza tarehe.

Ikadai na namba ya siri ya kufunga simu, nimeisahau zamani. Fundi akajaribu 12345, ambayo ndo Nokia walikuwa wanatoka nayo kiwandani, ikafunguka, manake sikuwahi kuibadilisha. (Ukiwa na Nokia ya zamani imekufungia anza na hiyo kabla hujamlipa mtu.)

Picha zilikuwepo. Zote. Gauni la mikunjo lipo, mbele, nyuma, ubavuni, na ya nne ambayo nilishaisahau, mwenyewe kasimama mlangoni kwangu kalivaa anacheka. Kwa Bluetooth zikapita mpaka kwenye simu yangu ya sasa bila tabu. Notsi ndo ziligoma, simu mpya inalikataa lile faili, kwa hiyo nikakaa kwenye kile kiti cha pili na daftari nikanakili kwa mkono mmoja mmoja, kifua 40, kiuno 33, nyonga 44, bega mpaka kiuno, mikunjo saba, kila mmoja robo tatu ya inchi, inaangalia nje. Sio wa huyo tu, vipimo vya wateja zaidi ya sitini vimo humo. Wengine sasa hivi ni watu wazima wana wajukuu na walikuwa wananiletea kitambaa cha Idi.

Kulikuwa na picha nyingine zilizokuja kwenye meseji, hizo huwezi kuzifikia kirahisi, akataka kuweka kiprogramu cha kuchungulia mafolda. Simu ikakataa, inasema cheti cha programu kimeisha muda. Hapo kijana akafanya kitu kilichonifurahisha sana, akarudisha tarehe ya simu mpaka 2010, akaiweka ile programu, ikakubali, akairudisha tarehe ya leo. Nikamuuliza umejifunza wapi hii, kasema kila mtu aliyekuwa na Symbian, yani ile programu kuu ya Nokia hizi, enzi hizo alikuwa anajua, ye alikuwa mtoto wa shule anawawekea wakubwa mitaani kwa mia tano.

Nililipa elfu ishirini na mbili jumla: betri elfu kumi, tundu la chaji na usafi elfu nane, skrubu na kibao cha batani elfu nne. Kutoa picha hakunichaji, anasema hiyo ni ndani ya kazi. Akanipa mwezi mmoja wa garantii kwenye lile tundu, betri hakuitolea garantii na kanieleza kwa nini.

Sasa niseme na hii simu yenyewe, manake watoto wangu wananishangaa nimetoa pesa kwa ajili ya "kitofali".

Nilinunua 2011, mkononi kwa mtu, laki na thelathini. Kabla ya hapo nikitaka kuona mishono mipya nilikuwa naenda intaneti kafe mjini, nalipa kwa saa, nakaa kwenye foleni nyuma ya vijana, kompyuta inavuta peji moja mpaka feni ya juu inazunguka inachoka, na nikipata picha nzuri naichora kwenye karatasi manake kuprinti ni pesa nyingine. Ilipokuja E63 nikawa natazama mishono nimekaa kwenye mashine yangu. Naomba mlielewe hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani kwa mtu wa kazi yangu. Mteja anakaa hapa, anataja anachotaka, tunakitafuta wote wawili, anasema huo, nampigia picha kitambaa chake palepale.

Watu wakihadithia smatifoni wanaanzia kwa Steve Jobs Januari 2007 amesimama jukwaani San Francisco na iPhone mkononi. Simkatalii, ile ilikuwa simu iliyobadilisha kila kitu, kioo cha inchi 3.5 unakigusa kwa kidole na peji ya intaneti inakuja kama ilivyo kwenye kompyuta, sio zile peji za WAP za maandishi matupu. Lakini ilipoingia sokoni Marekani tarehe 29 Juni ilikuwa dola 499 kwa ya chini, haina 3G, na huwezi kuongeza programu ya mtu mwengine, duka la programu lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500. Android ya kwanza kuuzwa, T-Mobile G1, ilitoka Oktoba mwaka huo huo. Hizo zote sisi huku Ngamiani na Makorora tulizisikia. Hazikuwa zetu bado.

Cha kwetu kilipita mlango mwengine. Novemba 2008 Nokia wakaitangaza hii E63, yani ni E71 iliyovuliwa mapambo, mwili wa plastiki badala ya chuma, kamera ya megapikseli 2, hakuna GPS, wakaipangia yuro 199 kabla ya kodi. Humo wakaacha vile ambavyo ndo tulivihitaji, kibodi kamili, 3G, waifai, tundu la kawaida la hedifoni, na tochi. Ukibonyeza ile batani ndefu ya nafasi ukaishikilia, taa ya kamera inawaka. Umeme ukikatika jioni nina gauni la mtu kwenye sindano, nabonyeza batani moja tu. Mpaka leo sijapata simu yenye tochi ya haraka namna ile, na usiku ule niliotoka kwa fundi niliijaribu kabla sijajaribu kitu kingine chochote. Inawaka.

Na kuna Opera Mini, brauza ya kufungulia intaneti. Hapa nataka nikae kidogo, manake kwa maoni yangu hii ndo iliyotuingiza intaneti watu wa kipato cha chini kuliko simu yoyote ile. Ilitoka kwa kampuni ya Norway, dunia nzima ikaipata Januari 2006, na haikudai smatifoni hata kidogo, simu yoyote yenye Java ilikuwa inaiweza. Inavofanya kazi ni hivi: simu yako haiendi yenyewe kwenye tovuti. Inamtuma mtumishi, kompyuta za Opera zilizo huko mbali, zinaenda kuchukua ile peji nzima, zinaupunguza uzito wake kwa hadi asilimia 90, ndo zinakutumia wewe kilichobaki. Ni kama badala ya kwenda mwenyewe Deep Sea kununua samaki unamtuma mtu anayejua, anakuletea keshampaa magamba keshamtoa utumbo, wewe unatia chumvi na ndimu. Enzi zile bando kama hizi za leo hazikuwepo, unakatwa kwa kila kilobaiti, vocha ya elfu ukiingia kwa brauza ya kawaida inaisha picha ya tatu hujaiona. Kwa Opera Mini mi nilikuwa natazama mishono wiki nzima.

Julai 2009 mkonga wa Seacom ulifika Dar kupitia baharini, mwaka uliofuata EASSy, kabla ya hapo intaneti ya nchi ilikuwa inategemea setilaiti. Na sisi tuko karibu na Kenya, kwa hiyo ilipotoka Huawei Ideos watu wakawa wanazileta kutoka Mombasa, mdogo wangu alikuja nayo kupitia mpaka wa Horohoro. Kule ilikuwa kama shilingi elfu nane za Kenya. Android 2.2, kioo cha inchi 2.8, betri 1200 mAh ambayo saa tisa mchana imeshakata. Lakini ilikuwa ni Android yenyewe mkononi mwa kijana anayesukuma mkokoteni wa maji, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena bei ya Nokia. Februari 2011, mwaka ule ule mi nilionunua yangu kwa furaha, mkubwa wa Nokia alishaamua kuiacha Symbian waende Windows. Sisi tuliokuwa tunanunua huku hatukujua tunanunua kitu ambacho wenyewe wameshakiweka chini.

Juni 2016 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walipozima simu feki, niliipeleka ile namba ya IMEI, yani namba ya utambulisho wa simu, kuhakikiwa ingawa simu ilikuwa koponi haitumiki, namba ilikuwa imeandikwa kwenye boksi. Ikaja ni halali. Nilifurahi kama vile bado naitumia.

Haya, leo inafanya nini. Kupiga na kupokea, safi, sauti nene inasikika hata mashine ikiwa inakimbia. Laini yangu ni ile ndogo kabisa na tundu la E63 ni la laini kubwa, fundi akanipa fremu ya plastiki bure, msitupe zile fremu laini inapobanduliwa. Meseji, safi, na kuandika kwenye kibodi halisi vidole vinakumbuka vyenyewe. Miamala ya pesa kwa menyu ya nyota inakubali kama simu yoyote. Redio ipo ukichomeka hedifoni. Chaji inakaa siku tatu kwangu, na hiyo ni betri ambayo si orijino.

Intaneti hapana. Nilishikilia batani ya sifuri kama zamani, brauza ikafunguka, nikaandika anwani ya tovuti ninayoitumia kila siku, inaniambia muunganisho wa usalama umeshindikana. Nyingine hivo hivo. Waifai imekubali, namba ya siri imekubali, tatizo sio mtandao wala bando, ni kwamba tovuti za sasa zimefungwa kwa kufuli ambalo hii simu haikupewa funguo yake, na aliyepaswa kutoa funguo mpya ameshafunga duka. WhatsApp ilikuwa inaingia humu kabisa, mi nilianza kuchati na wateja humu humu, wao waliikata Symbian tarehe 30 Juni 2017. Opera Mini yangu ya zamani bado ina kile kijiduara chekundu, nikaifungua, ikazunguka, ikazunguka, ikasema imeshindwa kuunganisha. Niliitazama muda mrefu kidogo.

Kinachoniuma ni hapo. Kioo kizima, batani zote nzima, kijana kaifufua kwa mswaki na spiriti, kinachokosekana sio kitu cha kushika ambacho fundi yeyote wa Tanga angeweza kukibandua na kukibandika. Kile cha kushika kikiharibika tunaye mtu. Kile kingine hatuna pa kwenda kugonga mlango.

Kwa hiyo kama unaitafuta uinunue leo: kwa mzee anayetaka simu ya kupiga, yenye tochi na chaji ya kukaa, nakwambia nunua, hasa ukimpata huyu fundi akukagulie. Kwa mtu anayetaka hata WhatsApp tu, usinunue, utaumia.

Kwa fundi sina malalamiko ya kazi, nina ya muda. Nilifika saa nne asubuhi kanambia saa saba, imekuwa saa kumi, na simu yake ya kazi haipokei akiwa na blowa mkononi. Kibanda kina joto, kiti cha pili kimevunjika mgongo. Risiti anaandika kwa mkono kwenye daftari la kaboni na anakupa nakala, itunze ndo garantii yako. Wateja wake anawahudumia kwa foleni hata ukija na gari, nimeshuhudia baba mmoja anataka kupita mbele akaambiwa kwa adabu "karibu ukae mzee wangu, huyu bibi ametangulia," na yule bibi alikuwa na Nokia ya tochi ya elfu kumi na tano.

Nenda asubuhi mapema. Ijumaa anafunga saa sita anarudi saa nane na nusu. Peleka na chaja yako ya pini nyembamba kama unayo, anazo lakini chache, na kama ndani kuna vitu unavyovitaka mwambie kabla hajaifungua. Gauni nimeshalikata, mikunjo saba, begani linakaa kama la mama yake.